Bakuli la Bi Wulan

Arlington, 4 Oktoba 2024

Baba yangu,
Shikamoo. Sisi wazima, wajukuu wanakusalimu. Goti lako je? Jana tulipoonana kwenye simu niliona nyuma yako bakuli la kioo. Mama hakuwa na bakuli lile. Ni la nani?
Mwanao, Lubna

Houston, 9 Oktoba

Mwanangu Lubna,
Marahaba. Goti lanung'unika kwenye ngazi, mengine alhamdulillahi. Bakuli ni la jirani, Bi Wulan, mjane kutoka Indonesia. Aliniletea makaroni skotel, mapishi waliyoachiwa na Waholanzi: makaroni, mayai, maziwa, nyama ya kusaga na jibini, vikaokwa mpaka juu pakakauka. Ametia na kungumanga kuleta harufu. Chombo cha watu hakirudi kitupu, nikalitia kaimati za shira. Likarudi na makaroni.
Babako

Arlington, 10 Oktoba

Baba,
Shikamoo. Watoto wazima, mimi ndiye sina raha. Kungumanga? Nimezaliwa Unguja, najua hutiwa kwenye uji wa bibi harusi kuamsha hamu. Mwanamke huyo ana lake jambo. Mama hajatimiza mwaka kaburini, nami naogopa kuja nikamkuta mtu jikoni mwake. Nakuomba, safari hii lirudishe tupu. Ataelewa.
Mwanao, Lubna

Arlington, 2 Novemba

Baba,
Shikamoo. Hujambo kweli? Wiki tatu hujibu, na simu ukipokea unasema una usingizi. Amekulisha nini?
Lubna

Houston, 8 Novemba

Mwanangu,
Marahaba. Mzima, ila nimekonda kidogo. Nililirudisha tupu kama ulivyotaka. Akachungulia ndani, akaniuliza kama ameniudhi. Nikaaga haraka, nikarudi kwangu. Tangu hapo hagongi mlango, nami nala mkate kwa chai.
Unamshuku bure. Chombo cha kwanza nilikipeleka mimi. Tangu mama yako aondoke sikuwa na wa kula naye, nikakaanga sambusa nyingi makusudi. Mwenye lake jambo ni mimi.
Babako

Arlington, 9 Novemba

Baba,
Shikamoo. Nimelia, nikakasirika, kisha nikaingia jikoni. Huyo Bi Wulan bado simwamini, usidhani. Jumamosi ijayo nakuja Houston na sambusa za mama, zile za nyama na bizari nyingi. Nionyeshe mlango wake tu, nitampa mwenyewe nikimtazama usoni. Bakuli lile kurudi tupu, mama asingenisamehe.
Mwanao, Lubna