Siku ya Dawa na Siku ya Maziwa

Ambatoloaka, Nosy Be

Mama yangu, Bi Mkubwa wangu,

Assalaam aleikum. Nakushika miguu kutoka huku niliko, na kwanza nakuuliza hali ya miguu yenyewe: bado inavimba ukisimama sana jikoni? Na kifua cha Baba je, kimetulia, au bado anakohoa na kusingizia vumbi? Mimi ni mzima. Najua ukimaliza kusoma utataka kujua kama hilo ni kweli. Ni kweli. Nala, nalala, nafua mashuka ya wageni hotelini kama kawaida.

Umekaa muda mrefu bila barua. Si uvivu, mkono ulikuwa mzito. Hapa sina wa kumwambia haya kwa Kiswahili. Nyumbani kwa mume wangu Saidi ni Kingazija, sokoni Kimalagasi, hospitali Kifaransa, na mambo mengine hayasemeki ila kwa lugha uliyolelewa nayo. Basi leo nakaa nawe.

Ule ugonjwa niliokuandikia, kwamba nilianguka baada ya kumzaa Fauzia tukadhani ni uchovu, ulikuwa kifafa. Majirani walisema ni pepo, na mmoja akataka kunipeleka ngomani. Saidi, Mungu ampe kheri kwa hilo, akanipeleka hospitali mjini. Daktari akanipa vidonge, kimoja kila jioni, nisiruke. Nikamuuliza, na mtoto je, ananyonya. Akasema mnyonyeshe kwanza, kisha umeze, na mtoto apewe na chakula. Ukimwona analala kupita kiasi, mlete. Nikafanya hivyo, kifafa kikanyamaza, hata nikasahau kuogopa.

Fauzia alikuwa mtoto wa usingizi. Sijui ni dawa au ndiyo maumbile yake, maana hata mimi wasema nilikuwa hivyo hivyo. Alikuwa akisinzia na ziwa mdomoni. Lakini wakati huo alikuwa keshaanza kutembea, ana meno ya kuning'ata, na bado hana habari na kitu kingine duniani ila ziwa. Nikirudi kazini alikuwa hanipi nafasi ya kuvua kanga.

Ndipo akaja mama yake Saidi kutoka Mahajanga kututembelea. Bi Echa si mtu mbaya, Mama. Naanza na hilo kwa sababu mbele utataka kumchukia. Alimtazama mtoto siku mbili tatu, akasema, "Huyu halali usingizi, huyu amelewa. Unamnyonyesha dawa." Nikamwambia maneno ya daktari. Akaniuliza, "Daktari ndiye aliyemzaa?" Nikasema basi nimwachishe, apewe maziwa ya kopo. Hapo ndipo akawaka: haki ya mtoto ni miaka miwili kamili, Kitabu ndivyo kisemavyo, na katika ukoo wao hajapata mtu kukatwa ziwa kabla ya wakati wake. Dawa hataki, kuachisha hataki. Na mimi unanijua, nikibanwa huwa najitia ujuzi.

Nikagawa siku. Siku ya dawa nameza, simnyonyeshi, namlisha wali laini wa majimaji alie asilie. Siku ya maziwa simezi, ananyonya atakavyo. Nikaona nimewaridhisha wote, daktari, mkwe na Kitabu. Saidi akasema sawa. Bi Echa akasema hiyo ndiyo akili ya mwanamke. Na kwa kuwa kilio cha mtoto siku ya dawa kilinikata maini, siku za maziwa zikaanza kuzidi siku za dawa. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Ni wewe uliyenifunza, na sikuukumbuka.

Ilikuwa mchana, siku ya maziwa. Nimekaa jikoni juu ya kigoda nampa ziwa, wali uko motoni, Bi Echa yuko uani anaanika samaki. Najua mpaka hapo tu. Yaliyofuata nimeambiwa. Nilianguka mbele na mtoto kifuani, jiko la mkaa likapinduka. Bi Echa alinikuta napigapiga miguu, Fauzia yuko chini yangu, mguu wake wa kushoto umo ndani ya makaa. Alimtoa kwa mikono yake mitupu, na mikono ile mpaka leo ina makovu. Ndiyo maana nakwambia usimchukie.

Nikashikwa tena njiani, na tena hospitalini, moja juu ya nyingine bila kuzinduka. Nilipopata fahamu sawasawa, maziwa yalikuwa yamelowesha nguo na mtoto hayupo. Mguu wameufunga, kidonda hakikwenda ndani sana, na bibi yake amekwisha kumchukua Mahajanga kwa meli ya mizigo. Daktari akakaa kando ya kitanda, muuguzi akinifasiria. Hakunikaripia, na bora angenikaripia. Alisema dawa hii haikatwi ghafla, ukiikata inakulipiza. Alisema mngemleta mtoto tukamtazama, na dawa tungeipanga upya, na wala usingechagua kati ya viwili. Kisha akasema, "Sasa meza kila siku, na endelea kumnyonyesha." Muuguzi alipofasiri hayo alitazama chini, kwa kuwa yeye alijua mtoto ameshaondoka.

Nikawa nakamua, Mama. Asubuhi na jioni, ndani ya bakuli, nayamwaga nyuma ya nyumba. Nilitaka yasikauke mpaka arudi. Nikamwambia Saidi apeleke habari kwao, mtoto aletwe. Jawabu likaja kwa mdomo wa baharia: msiwe na wasiwasi, ananyonya. Nikamuuliza Saidi, ananyonya kwa nani? Akanijibu kwa aibu. Dada yake, wifi yangu Mariama anayekaa Belobaka, karibu na Mahajanga, ana kitoto kichanga. Fauzia alipokataa kila chakula, bibi yake akampa Mariama ampakate, mtoto akalishika ziwa. Na si mara moja wala mara tano. Sheria ya kunyonya unaijua, uliichunguza mwenyewe kabla hujaniozesha Saidi. Mariama sasa ni mama yake mbele ya Mungu, na wanawe ni kaka zake.

Ilipita miezi ndipo nikapata ruhusa kazini, nikaenda. Nilimkuta uani Belobaka, amenenepa, kovu limekuwa jeusi na linang'aa, anakimbia nalo kama si lake. Nikachuchumaa nikamwita. Akanitazama kama atazamwavyo mgeni. Mariama, maskini, alikuwa akilia kabla yangu. Akamwambia, "Nenda kwa mama." Fauzia akageuka, akaenda kwa Mariama.

Nilijaribu hata ziwa, chumbani tukiwa wawili tu. Hilo nakwambia wewe peke yako. Aliligusa kwa kidole, akacheka, akashuka mapajani. Lilikuwa limekwisha kukauka.

Nilikwenda kumchukua, Mama, siyo kumtazama. Nguo zake za njiani nilikuwa nazo. Bi Echa hakugomba. Aliniuliza tu, kwa upole, mikono yake ile ameiweka mapajani, "Saidi akiwa kwenye maboti yake, na wewe ukianguka, nani atamtoa?" Nikamwambia nameza dawa kila siku, sianguki tena. Akasema, "Inshallah. Lakini nani atamtoa?" Nikatafuta jina, nikalikosa. Wewe uko Unguja. Majirani zangu, tangu walipoona povu mdomoni mwangu, hata maji hawanywi kwangu. Nikamwachia Mariama zile nguo, nikarudi peke yangu.

Saidi anasema akitimiza miaka miwili, akishaachishwa, tutamleta. Bi Echa hasemi ndiyo wala hapana. Mimi nameza kidonge changu kila jioni na simuulizi mtu. Nimekasirika, Mama, na sijui nimkasirikie nani. Mtoto yule hakuna aliyekuwa hampendi.

Nisalimie Baba, na umwambie aende akapimwe kile kifua. Msalimie dada yangu na mumewe fundi cherahani, na shangazi aliyenisindikiza bandarini, na mwalimu wangu wa chuoni kama Mungu bado amemweka. Saidi anakusalimu, amekaa mlangoni, anajua naandika nini.

Watu watakuuliza habari za mjukuu wako. Waambie mzima, amenenepa, anakimbia. Wakiuliza kama bado ananyonya, sema ndiyo, bado ananyonya.

Wako uliyemzaa,
Zaina