Nilinyamaza Joab Akiagwa

Mpendwa Mshauri Kemuma, nisaidie, maana upole wangu umenitia aibu. Mimi ni Mkatoliki wa hapa Kimulot, mkulima wa chai, na padre akikosa kuja ni mimi niliyekuwa naongoza ibada ya Jumapili kigangoni, mpaka tukachagua mwenyekiti mpya, Lazarus, akasema mwanamke asisimame mbele wanaume wakiwepo, nami ningebishana lakini nilikuwa nimetoka semina ya akina mama ambako sista mmoja alitueleza mawazo ya Wachina wa kale, wanayoyaita Dao, yaani njia, kwamba maji hayashindani na mtu, hushuka tu chini na vitu vyote vikapatana, basi nikaamua mimi ni maji. Nikawa nakaa benchi la mbele nikitabasamu, tabasamu ambalo mume wangu anasema linatisha watoto, na kila Lazarus alipokosea kusoma nilifumba macho kama mtu anayefurahia upatano wa dunia, kumbe nahesabu makosa.

Halafu jirani yetu Joab, mfanyakazi wa kiwanda cha chai, akafariki. Siku ya kumuaga, kabla mwili haujasafirishwa kwenda kwao ziwani, padre alikwama kwenye matope, na Lazarus kwa kutetemeka akafungua kitabu mahali pa harusi, akawaombea marehemu na mkewe wajaliwe watoto. Watu wakainamisha vichwa. Mjane, Ayoo, akanigeukia: “Mama Winny, tafadhali, niombee mzee wangu.”

Nami, mbele ya jeneza, nikamjibu: “Mama, mimi siku hizi naacha mambo yaende yenyewe.”

Gari likaondoka. Ayoo alirudi baada ya mazishi, lakini tukikutana sokoni anageukia nyanya. Je, niendelee kuwa maji?

Mama Winny, Kimulot

Mama Winny, pole, lakini maji hayanuni. Sista alikufundisha upatano, wewe ukarudi nyumbani na kinyongo, ukakipa jina la Kichina. Lazarus alikukosea, tena amebaki nyuma ya Kanisa lake, ambalo siku hizi linawakabidhi wanawake rasmi huduma ya usomaji na ya ukatekista. Lakini siku ile hukumwadhibu Lazarus. Ulimwadhibu Ayoo. Nilikuwa nacheka nikisoma barua yako, mpaka nikafika kwenye jeneza.

Nenda kwake wiki hii. Usieleze Dao, usimtaje mwenyekiti. Mwambie, “Uliniomba nikakunyima, nisamehe,” kisha uulize kama mnaweza kumwombea Joab pamoja. Akikataa, usimlilie, ana machozi yake ya kutosha. Baadaye mwendee padre, umwombe atangaze mwenyewe kigangoni nani ataongoza akikosa kufika. Akikutaja wewe, mpe Lazarus masomo ya kusoma. Akimtaja Lazarus, keti naye Jumamosi umwonyeshe kitabu kinavyofuatwa, kwa sababu yule mtu alitetemeka na hakuna aliyemsaidia.

Na siku nyingine mfiwa akikuita kwa jina, simama uombe. Ruhusa ya hilo humwombi mtu.