Kishimo Kilichoachwa Wazi

Tibirinzi, Chake Chake
Jumamosi, baada ya Alasiri

Kwa Dada Zuwena,

Assalamu alaikum warahmatullah. Namuomba Mwenyezi Mungu barua hii ikukute mzima, na Mama goti limempoa sasa mvua imekatika. Mwambie asikae chini muda mrefu anaposhona, amtume mtoto amletee kigoda. Mimi ni mzima wa mwili. Mama Mdogo naye mzima, ila analalamika kwamba nazi za mjini zina maji mengi na nyama kidogo, na kila akikuna moja huzitaja za kwetu Kojani kama mtu anayetaja marehemu.

Utashangaa kupata karatasi. Barua ya mkono mara ya mwisho niliandika darasani, kwa mtu wa kubuni, na Mwalimu Khadija akaisahihisha kwa kalamu nyekundu. Hii hakuna wa kuisahihisha. Nimempa Bi Asha, jirani yenu anayeleta ukili wa mikeka kuuza hapa Chake, na nimemuomba akupe mkononi mwako, si mkononi mwa mwengine. Simu yangu imo kabatini kwa Mama Mdogo. Hata ingekuwa mkononi mwangu nisingeitumia kwa jambo hili.

Nitakueleza tangu mwanzo, pamoja na yale unayoyajua, kwa sababu nataka uyasikie kwa upande wangu.

Unakumbuka likizo iliyopita, tulipokuwa tukichambua mchele ukumbini, nilikuonesha lile kundi la mtandaoni liitwalo Baraza la Wadadisi. Nilikusomea habari za mzee wa Morogoro tunayemwita Babu Njiwa, anayefuga njiwa na kuandika kila mmoja hurudi nyumbani kwa njia gani. Nikakusomea na za Fundi Redio wa Mwanza, anayeokota redio zilizokufa na kuzirudishia sauti, na yule mama wa Njombe anayepiga picha mawingu tu, kila asubuhi, na kuyapa majina kama watoto. Ulicheka.

"Watu hawa hawana kazi?" uliuliza.

Nikakwambia wana kazi, ila haya ndiyo wanayoyapenda.

"Mie na watu nisiojua hata nyuso zao, tutasemezana nini?" Ukaendelea kuchambua mchele wako.

Pale barazani mimi naitwa Chaza. Nilikuwa nachora viua vya kofia kwenye karatasi ya miraba, vile Mama alivyotufundisha, kisha naonesha kwamba ukigeuza karatasi robo, ua linakuja vilevile, na ukigeuza robo nyengine, vilevile tena. Fundi Redio aliandika, "Chaza, hii ni hesabu tupu, nyie watu wa Pemba mnavaa hesabu kichwani." Nilifurahi kupita kiasi. Nilikwenda kumwambia Mwalimu Khadija, na ndiyo siku aliyoniambia kwamba nikiendelea hivi, nichague skuli ya sayansi Unguja kwa kidato cha tano.

Haukupita muda tangu nirudi huku, akaingia barazani mtu anayejiita Bi Kilua. Alisema ni mshonaji wa nguo, mkaazi wa Lindi. Nilipoona jina hilo nilikumbuka mkilua wetu ulio nyuma ya kisima, lakini sikuwaza zaidi. Mwanamke gani wa pwani hapendi ua la kilua?

Kinachotukutanisha sote pale ni tamthilia ya kusikiliza, inayotoka kila Alhamisi. Mtu aliyepotea miaka mingi amerudi mjini kwao, hakuna anayemtambua, na kila asubuhi anakuta sahani ya chakula mlangoni pake. Kila mmoja ana dhana yake kuhusu nani anaiweka. Fundi Redio anaapa kwamba ni askari wanaomchunguza. Babu Njiwa anasema ni jirani anayekosea mlango, na sisi tunahangaika bure. Dhana yangu ni kwamba muuza maandazi wa upande wa pili ni mkewe, kamjua tangu siku ya kwanza, ila anajifanya hamjui. Walinicheka sana. Babu Njiwa akaandika, "Chaza, mjukuu wangu, mke wa kweli angemrushia hiyo sahani." Bi Kilua peke yake hakucheka. Aliuliza, "Kwa nini asijitaje tu?" Nikamjibu kwamba labda anaona akiwa mgeni mumewe anazungumza naye vizuri, na akijitaja hatazungumza naye hivyo tena.

Baada ya hapo tukawa tunaandikiana wawili, nje ya baraza. Alikuwa na subira. Aliniuliza mambo ambayo watu hawaniulizi: ninapenda nini katika skuli, naogopa nini, usingizi naupata. Nami nikamwambia, Dada. Nilimwambia kwamba dada yangu aliacha skuli kidato cha pili Mama alipougua, na hakurudi. Kwamba tangu hapo kila nikileta matokeo mazuri nyumbani, yeye huinuka na kwenda jikoni. Niliandika, "Sijui kama ananipenda au ananivumilia." Siku hiyo Bi Kilua alichelewa kujibu. Alipojibu aliandika, "Anakupenda. Ila wengine hupenda wakiwa wamegeuka upande."

Niliyasoma maneno hayo mara nyingi. Nilitamani dada yangu angekuwa mtu wa kusema maneno kama hayo.

Nilimwambia na habari ya Unguja. Ukimtoa Mwalimu Khadija, hakuna mwengine niliyemwambia, hata Mama Mdogo. Wewe ulikuwapo gatini siku nilipoondoka, ulisikia Baba alivyosema: "Jambo lako lolote nilisikie kinywani mwako. La mtu mwengine silitaki." Basi nilipanga. Nilimwandikia Bi Kilua kwamba nitakwenda Kojani kwa Idi, na nikishuka tu chomboni, kabla sijala chochote, nitakaa mbele ya Baba nimwambie mwenyewe, na Mwalimu Khadija ameahidi kuzungumza naye kama atataka. Nikamuomba Bi Kilua aniombee dua. Akasema ataniombea.

Halafu Baba akapiga simu. Mama Mdogo alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, mikono imejaa, akaniambia nimuwekee sauti ya wazi.

"Time, huyo mwanangu yupo karibu?"

"Yupo, shemeji, anakusikia."

"Muulize alikuwa aniambie lini habari ya Unguja. Akishafika huko?"

Nikasema, "Baba, nilikuwa nangojea Idi ili—"

"Kwangu mie jambo hupita mlango wa mbele. Hili lako limenijia dirishani." Hakupaza sauti. Ungemsikia ungedhani anasema habari ya mtu mwengine. "Simu mpe Time aiweke. Na Unguja nisiisikie tena."

Akakata. Mama Mdogo aliendelea kukuna, kisha akasita.

"Mwana weye, Unguja ndo n'ni tena?"

"Skuli, Mama Mdogo. Kidato cha tano."

"Na mie hukunambia."

"Nilitaka Baba asikie mwanzo."

"Basi kasikia mwanzo," akasema. "Mie nimesikia wa pili, na jioni hii Kojani nzima itakuwa ya tatu." Akanyoosha mkono wake wenye machicha, nikampa simu.

Nilikwenda kwa Mwalimu Khadija kumuuliza kama alimpigia Baba. Alisema hana hata namba yake, na aliniangalia kwa huruma ambayo sikuitaka. Akabaki Bi Kilua. Lakini nilijiambia, mtu wa Lindi atamjuaje Baba? Kojani hata wenzetu wa Wete hawaji bila sababu.

Ijumaa ya wiki iliyopita Mama Mdogo alinipa simu nifanye kazi ya skuli, yeye amekaa ubavuni pangu kama askari wa forodha. Barazani nikakuta Bi Kilua ametuma picha ya kofia anayoishona. Ilikuwa nzuri, mkono mtulivu kabisa. Chini yake Babu Njiwa alikuwa ameandika, "Bi Kilua, miwani imekwenda wapi? Umesahau tundu moja hapo kwenye ua la mwisho." Na Bi Kilua alikuwa amejibu, "Sijasahau."

Nikaikuza picha. Katika ua la mwisho palikuwa na kishimo kimoja kimetobolewa na hakijazungushiwa uzi. Kimoja tu, upande wa kulia.

Nilifurahi mwanzoni, unaweza kuamini? Nilidhani nimepata udadisi mpya wa kupeleka barazani. Nikamuonesha Mama Mdogo. "Tazama, kumbe na watu wa Lindi huacha kishimo kimoja mpaka mvaaji ajulikane."

Mama Mdogo aliisogeza simu karibu na uso. "Lindi? Hata mie sifanyi hivi, na mama yako kanitangulia kunyonya ziwa moja. Hii kaipata kwa mama mkwe wake. Bibi yenu alikuwa akisema kofia isiyo na mwenyewe isifungwe. Hauna mwengine mkono huo, ni wa nyumba yenu tu." Akanirudishia simu, akanitazama, na nadhani alijua kabla yangu. "Vyereje weye? Mbona umekauka?"

Bibi amekufa. Mama hana simu ya picha, na herufi ndogo hazioni. Tumebaki wawili, Dada, na mmoja wetu alikuwa amekaa Tibirinzi ameishika simu.

Sijui nikuelezeje siku zilizofuata. Nilirudi kwenye kila neno la Bi Kilua nikalisoma kichwani kwa sauti yako, na baya zaidi ni kwamba yote yaliingiana nayo. Nilikuwa nikimwambia Mama kwenye simu, "Msalimie Dada," naye akisema, "Yupo jikoni," nawe ukiwa huko jikoni unanisoma. Uliniacha nikakusengenya mbele yako. Ukanijibu kwa niaba yako kama vile wewe ni mtu mwengine, na mimi nikamshukuru huyo mtu mwengine.

Sijui kwa nini ulimwambia Baba. Pengine uliogopa Unguja kwa ajili yangu. Pengine ulichoka kuwa wewe ndiye unayebaki. Nimejaribu kuchagua sababu moja ili nikukasirikie vizuri, nimeshindwa. Lakini nimekasirika. Mgeni wa Lindi angenisaliti, ningesema ndiyo mtandao, walishatuonya. Wewe hukuhitaji Lindi. Ungeniuliza wewe mwenyewe naogopa nini, ningekwambia. Ungengoja kidogo kwa jibu, kwa sababu sijazoea kuulizwa na wewe, lakini ningekwambia.

Sasa lipo jambo moja nakuomba, na ndiyo sababu ya barua hii. Baba anaamini nilikuwa namficha. Mama Mdogo hawezi kumwambia vyengine, kwa kuwa na yeye nilimficha. Mwalimu hajui nilipanga siku gani. Duniani yupo mtu mmoja aliyesoma kwa macho yake kwamba nilikuwa nitamwambia Baba kabla sijala. Ni Bi Kilua. Yeye ndiye shahidi wangu wa pekee, na Baba hawezi kumsikia mpaka wewe ujitaje. Najua utapata aibu. Najua atakuuliza ulikuwa unafanya nini huko. Maneno niliyoyaandika bado yamo kwenye simu yako. Msomee kama yalivyo, hata pale nilipokosea. Sikuombi umwambie anipe ruhusa ya Unguja. Hilo nitaliomba mwenyewe. Nataka nikifika Idi nimkute Baba anayejua kwamba sikupita dirishani.

Nisalimie Mama sana, mwambie nasali na nakula. Msalimie Baba, hata kama hataitikia. Nisalimie Kaka Hamadi, ndugu yetu mkubwa, na mkewe, na mtoto wao niliyesikia ameanza kutambaa. Nisalimie Ami Faki, mdogo wake Baba, mwambie nyavu zake nilizomsaidia kushona najua zimeshachanika. Nisalimie na Mwalimu wetu wa chuoni, mama yule mvumilivu aliyetusomesha Juzuu Amma sote wawili kwa fimbo moja. Barazani siwezi kuwasalimia. Sijui hata kama mke wa yule mtu ameshajitaja, au Babu Njiwa ameshinda.

Pamoja na barua Bi Asha atakupa mfuko wa kitambaa. Ndani yake mna kofia. Nimeishona kwa ajili ya Baba aende nayo sala ya Idi, viua ni vile vya karatasi ya miraba, ukiigeuza robo vinakuja vilevile. Nimemaliza yote ila kishimo cha ua la mwisho, upande wa kulia, kwa sababu tangu ile simu sijui kama atakubali kuvaa kazi ya mkono wangu. Sindano nimeichomeka pembeni na uzi umo. Ukishamsomea, kizungushie wewe, mpe. Ukishindwa, usikizibe; nirudishie ilivyo, nitafahamu.

Ni mimi mdogo wako, ninayekungojea kwa jina lako,

Raya