Nimtaje Nani Mwenye Shairi?

Noonkopir,
Kitengela.
Jumapili, 8 Juni 2025

Mpendwa Mama Mdogo Ruqia,

Asalaam aleikum. Idd mmeila vipi huko Wajir? Na mgongo wako umepoa, au bado unainua magunia mwenyewe halafu unasema hujambo? Sisi tuko salama. Baridi ya Juni imeingia na upepo wa Kitengela hauna adabu, unaingia dukani bila hodi. Mama ana mafua, ila sauti ya kubishana na wateja bado iko.

Utashangaa kupata karatasi kutoka kwangu badala ya simu. Kwa simu wewe na Ayeyo mama yako mnaulizana mvua, mnaulizana mbuzi, halafu mnakata. Mimi nina maswali ambayo hayaingii hapo, ndiyo maana nimempa Keynan barua hii akuletee kwa lori lake la Jumanne.

Kwanza habari yangu. Nimeshikwa na ugonjwa wa mashairi. Nilianza kwa kusoma yale ya darasani nikitafuta majibu ya mtihani, nikajikuta nayasoma hata baada ya mtihani kwisha. Sasa nahesabu mizani kwa vidole popote nilipo. Namunyak, ninayekaa naye dawati moja, husema baba yake huhesabu mbuzi hivyo hivyo, tofauti ni kwamba yeye akimaliza huwa na mbuzi. Je, wewe ulihesabu kwa vidole, au maneno yalikuja yamejipanga yenyewe? Subiri, nitakwambia kwa nini nauliza.

Mwezi jana Mwalimu Gichuru, anayetufunza Kiswahili, alitaka kila mtu alete shairi kutoka nyumbani kwao. Sikufikiria mara mbili. Nilichukua ule wimbo ambao Ayeyo huimba kwa Kisomali akikunja vitambaa jioni, nikautia katika Kiswahili, beti sita. Unaanza hivi:

Mama wachimba kisima, mbona kamba waninyima?

Nilidhani anamwimbia mama yake aliyefariki zamani. Mwalimu alilipenda, akaandika jina langu juu yake, na likachaguliwa lisomwe mjini Kajiado tarehe 27 mbele ya shule nyingine. Nami sikusema kwamba si langu. Nilijiambia kwamba Kiswahili chake ni changu, basi. Naona aibu kukuandikia hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya Idd, tulipomaliza kula, nikamsomea Ayeyo ili nimfurahishe. Sikufika hata ubeti wa pili. Aliweka kikombe chini akaniuliza, "Mwenye maneno umetaja nani?"

Desturi yetu unaijua kunishinda: ukisoma utungo wa mtu, unamtaja yeye kwanza, ndipo unaendelea. Nikamjibu kwamba nilidhani ni wake. Akamwita Mama kutoka jikoni aje asikie. Kisha akasema mtunzi ni wewe. Ulilitunga ukiwa na umri wangu huu, mwaka ule babu alipofariki, yeye akakutoa shule ya Mashuuru ushike duka huku Mjomba Abdiladif akiendelea kusoma. Mama wa kwenye shairi ni yeye mwenyewe.

Mama Mdogo, sikuwa na habari kabisa. Ina maana miaka yote hii amekuwa akiimba lawama yake mwenyewe mbele ya wateja! Nilimuuliza kwa nini hajawahi kukutaja. Alisema aliona haya, kwa sababu angelitaja jina lako watu wangejua mama huyo ni nani.

Sasa niambie. Ulijua kwamba analiimba? Ulimsomea wewe, au alikusikia ukijiimbia? Na baada ya hilo ulitunga mengine, ama uliacha? Hilo la mwisho ndilo linaloninyima raha.

Mwalimu nimemwambia ukweli. Alikasirika, akalifuta jina langu, halafu akasema naweza kulisoma kama mfasiri mradi mtunzi akubali na atajwe. Kwa hiyo neno ni lako. Nataka sana kulisoma, siwezi kukuficha. Lakini ukikataa nitabaki darasani tarehe 27, na sitanuna. Keynan anarudi tarehe 23, mpe jibu lolote, hata mstari mmoja. Ukikubali, Ayeyo anataka nilitaje jina lako kamili pamoja na la babu, na anasema atakuja Kajiado aketi mstari wa mbele, watu wamwangalie wakitaka.

Nisalimie Bulle na mdogo wangu Kafiya, mwambie viatu vyake nimeviona kwenye picha na namwonea wivu. Mama anakusalimu, na Mjomba Abdiladif pia.

Ayeyo nimemuuliza kama ana salamu. Amesema salamu ni za kwenye simu, hapa niandike maneno haya na nisiyatengeneze: "Ruqia, shairi lako nimelibeba miaka kumi na tisa. Hakuna neno limeanguka."

Mungu akulinde na kukupa afya, wewe na wote wa nyumbani kwako.

Mwanao akupendaye na anayengoja,
Fartun