Kishikwambi cha Bibi Mwanakhamisi

Iringa,
11 Agosti 2024

Baba yangu mpendwa,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Mimi huku ni mzima. Baridi tu ndiyo inayonionea. Asubuhi tunakwenda kuoga tunasukumana njiani ili tupate joto. Natumaini nyumbani Sokomatola hamjambo nyote, na Mama amerudi salama kutoka Chimala na mchele wake. Bibi je? Anatia dawa ya macho kila siku, au anajifanya amesahau?

Baba, siku uliponisindikiza stendi uliniambia nichague zawadi ya matokeo yangu ya kidato cha nne. Kabla sijafungua mdomo ukasema, "iPad, kama ya watoto wa Jatin wa duka la simu." Nikaitikia kwa kichwa. Unajua nilivyo, maneno yangu huwa yanafika basi likishaondoka. Ndiyo maana nayaandika.

Naomba hiyo zawadi apewe Bibi. Mimi shuleni siruhusiwi hata simu. Halafu kuna jambo sikukwambia. Wakati wa likizo nilikaa karibu na Bibi akisoma Kurani baada ya alfajiri. Akafunua kurasa mbili kwa pamoja, zilikuwa zimegandana. Akaendelea na ule ukurasa uliofichika, neno kwa neno, kwa sauti yake ileile nzuri, huku macho yake yakitazama ukurasa mwingine kabisa. Hakujua.

Baba, Bibi hasomi tena. Anakumbuka. Alichokihifadhi moyoni kipo, lakini kitu kipya hakina pa kuingilia. Vile vitabu vya hadithi alivyokuwa akinisomea nikiwa darasa la pili anasema vimemchosha. Havijamchosha. Na mwalimu wetu wa biolojia anasema presha ya macho ikishachukua hairudishi. Dawa inalinda tu kilichobaki.

Kishikwambi kinakuza herufi hata ziwe kubwa kama kiganja. Si lazima iwe iPad. Hivi vya Android vya kawaida vinatosha kabisa. Tafadhali usimwambie Bibi nilichokiona. Ataona aibu.

Mimi mwanao,
Nusrat


Mbeya,
20 Agosti 2024

Mwanangu Nusrat,

Waaleikum salaam, na marahaba. Sisi hatujambo. Mama yako alirudi kutoka Chimala, akalala siku mbili, akaondoka tena kwenda Madibira. Duka linakwenda. Mvua bado.

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisema, huyu mtoto amesoma mno. Ya pili nikamwendea Mama, yaani Bibi yako, nikampa chupa ya dawa, nikamwambia, "Mama, hebu nisomee hapa, wameandika matone mangapi?" Akaniangalia, akasema, "Habibu, mimi si karani wako." Akanirudishia chupa. Nikacheka. Baadaye dukani sikucheka.

Kwa hiyo nakubali zawadi iende kwake. Ila hilo la Android uniachie. Huyu ni mama yangu. Alinisomesha kwa kukaanga kalimati alfajiri mpaka vidole vikababuka. Nikimpa kitu cha daraja la pili wakati cha kwanza kipo, watu wa hapa Sokomatola watanionaje? Jatin anasema hivyo vingine ni vya watoto kuchezea katuni. Ameagiza iPad kutoka Dar, mpya, ya rangi ya dhahabu.

Wewe soma. Bibi yako anakusalimia, anasema mke mwenzie ale ashibe, asirudi kama kijiti.

Baba yako,
Habibu


Iringa,
1 Septemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kupata barua, na kusikia wote ni wazima.

Sawa Baba, wewe ndiye unayejua. iPad ni nzuri sana, nami namshukuru Mungu kwamba Bibi atasoma. Naomba tu mtu amwonyeshe namna ya kukuza herufi. Akianza kusoma niambie amesoma nini cha kwanza. Hilo tu ndilo nataka kujua.

Mwanao,
Nusrat


Mbeya,
29 Septemba 2024

Mwanangu,

Salaam nyingi. Hatujambo, alhamdulillahi.

Ule mzigo umefika! Ungekuwepo ungeona. Ijumaa baada ya swala nilikaribisha watu, tukala pilau, halafu nikaufungua mbele yao. Hata Mzee Bushiri, ambaye hasifii kitu, alisema, "Hiki kioo au maji?" Bibi yako alishukuru sana. Alikishika kidogo, akakirudisha mwenyewe kwenye boksi lake.

Nimekiweka kwenye kabati la vioo pale sebuleni, rafu ya katikati, juu ya kile kitambaa cha kufuma cha mama yako. Ufunguo ninao mimi, kwa usalama. Wageni wakija tunakitoa. Jatin alikifungua kwa akaunti yake ili kianze kazi, kwa hiyo kikidai namba ya siri tunamwita yeye. Mara nyingine zinajitokeza picha za harusi ya dada yake Rupal. Bibi yako anasema bwana harusi ana masikio makubwa.

Uliuliza amesoma nini. Bado, bado anakizoea.

Baba yako,
Habibu


Iringa,
13 Oktoba 2024

Baba yangu,

Assalaam aleikum, na shikamoo sana. Mimi mzima wa mwili. Barua hii nimeichana na kuianza upya, kwa hiyo ukikuta maneno mazito ujue kulikuwa na mazito zaidi.

Jumamosi tulipelekwa Kalenga, kwenye makumbusho ya Mkwawa. Wenzangu walikuwa wanapiga soga. Mimi nilisimama mbele ya kabati moja lenye mikuki na bunduki za zamani, nikaanza kuwaza kabati letu. Vitu vya nyuma ya kioo pale ni vya watu waliokwisha kuondoka. Tunavitazama kwa sababu wenyewe hawatavishika tena. Baba, Bibi bado yupo. Yupo jikoni, anapepeta mchele.

Mwalimu Yusta anayetufundisha kompyuta ana kishikwambi, kimoja cha vile walimu walivyopewa baada ya sensa. Ni Android, kimechubuka pembeni na kina alama ya kikombe cha chai mgongoni. Nilimwomba anionyeshe. Nilikuza herufi zikabaki tatu tu kwenye kioo. Nikageuza rangi, maandishi yakawa meupe na nyuma yakawa meusi, yasiumize macho. Tukapiga picha ukurasa wa kitabu, nikauvuta kwa vidole viwili mpaka nukta ikawa kama punje ya mtama. Mwalimu ana kadi ndogo aliyoijaza vitabu, ameichomeka ubavuni, basi. Hamwiti mtu aje na namba ya siri.

Sitaki kukudanganya. iPad nayo inakuza herufi, inageuza rangi, inapiga picha. Kosa si lake. Tatizo ni kwamba kwetu imekuwa mgeni wa heshima. Wewe unaiogopa, Mama anaiogopa, na Bibi ndiye anayeiogopa kuliko wote. Mtu hawezi kusoma huku anaogopa anachokishika.

Naomba uibadilishe, Baba. Bibi anahitaji kitu anachoweza kukidondosha. Kitu atakachokiacha juu ya mkeka akaenda kugeuza maandazi, akarudi. Najua ulitaka kumpa cha juu. Lakini macho yake hayatungoji mpaka wageni waje.

Sijawahi kukukatalia neno, na ana kwa ana nisingeweza.

Mwanao,
Nusrat


Iringa,
24 Novemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini nyumbani ni wazima.

Sijapata jibu. Kila basi la Mbeya likipita naenda getini kumuuliza mlinzi, mpaka sasa akiniona tu anatikisa kichwa kabla sijauliza. Kama nimekuvunjia heshima, nisamehe kwa namna nilivyosema. Nimejaribu kujutia na nilichokisema, nimeshindwa.

Mitihani inaanza wiki hii. Msalimie Bibi. Je, bado anatia dawa?

Mwanao,
Nusrat


Mbeya,
2 Desemba 2024

Mwanangu Nusrat,

Waaleikum salaam. Marahaba, na marahaba tena kwa zile ambazo sikuzijibu.

Nilikasirika, sitaficha. Mtoto wa juzi ananifananisha na makumbusho! Barua yako niliitia mfukoni nikatembea nayo. Mama yako aliikuta akitaka kufua kanzu, akaisoma, akanirudishia bila neno. Hapo ndipo nilipozidi kukasirika, kwa sababu mama yako si mtu wa kukosa neno.

Nikasema, nitawaonyesha. Siku moja nikafunga duka mchana, nikafungua kabati, nikamwekea Mama iPad mapajani. Nikamwambia, "Soma, Mama. Ni chako." Akakishika kwa mikono miwili kama amepakatishwa mtoto wa watu. Hakugusa kioo. Alikaa hivyo, mgongo umenyooka, mpaka nikamuuliza, "Vipi?" Akasema polepole, "Habibu, nikikivunja utanisamehe?"

Mama yangu, Nusrat. Ananiomba mimi msamaha kwa kosa ambalo hajalifanya.

Nilikibeba palepale mpaka kwa Jatin, akichukue na aniletee Android. Akacheka, "Mzee Habibu, watu wanapanda, wewe unashuka?"

Nikamwambia, "Mama anataka kusoma, hataki kupanda."

"Basi ngoja nikufungulie kipya."

"Nipe hicho cha mezani."

"Hiki? Hiki cha wateja kujaribia! Kila mtu anakibonyeza, angalia mkwaruzo huu."

"Ndicho hichohicho. Mkwaruzo wa kwanza umeshapita, hakuna atakayeuogopa."

Alinitazama kama nimepata malaria. Lakini alikifuta chote, akakiacha bila akaunti ya mtu, akanitilia ile kadi ndogo, na kwa mkono wake akazikuza zile herufi. Jatin si mtu mbaya. Anapenda vitu vinavyong'aa, kama nilivyokuwa napenda mimi.

Sasa sikia kwa nini sikuandika tangu hapo. Sina nafasi! Nilimtafutia Mama kitabu cha hadithi ambacho hajawahi kukigusa, kinene. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka nakipiga picha kurasa za siku ile, yeye anazivuta kwa vidole na kuzisoma. Maneno manne yanajaza kioo, kwa hiyo anakwenda taratibu, anasogeza, anasogeza. Na mimi ndiye ninayefokewa. "Habibu, umekata mstari wa mwisho." "Habibu, hiki ni kidole chako, unataka nisome kidole?" Kioo kina manjano, kina unga, jana kilianguka jikoni. Akakiokota, akakipangusa kwa kanga, akaendelea. Mimi ndiye niliyeshtuka.

Tulimpeleka kwa daktari. Hakutuahidi kitu. Alisema tuendelee na matone, na kilichobaki tukitumie. Mama akamjibu, "Nakitumia, daktari, ila mpiga picha wangu ni mvivu."

Mitihani yako Mungu aijalie. Shule ikifungwa nitakuja mwenyewe kukuchukua, na njiani uongee, mimi nitanyamaza. Nimegundua nimelea mtu mwenye la kusema.

Naishia hapa, Bibi yako ananiita. Katika kitabu kuna mwanamke amesikia hodi usiku na hajui ni mume wake au ni watu wabaya, na kurasa nilizompa zimeishia pale mkono ukiwa kwenye komeo. Anataka nyingine sasa hivi. Mimi nilipokuwa napiga picha nilichungulia mbele, kwa hiyo najua ni nani yuko mlangoni. Ameapa kwamba nikitamka jina tu, leo nalala na njaa.

Baba yako,
Habibu