Daftari la Bluu la Kocha

Mwenzangu, weka chini unachofanya. Leo nimeaibika mbele ya timu nzima ya shule, na aliyeniaibisha ni huyu mume wangu, kocha.

Unayajua madaftari yake, la timu na la nyumbani, yote ya bluu. Mechi imefika mapumziko, vijana wake wamefungwa mawili bila. Mimi nampelekea miwani, kaisahau juu ya friji.

Nafika mlangoni mwa chumba cha wachezaji. Bila miwani haoni, kwa hiyo kampa nahodha daftari awasomee wenzake. Nahodha anasoma kwa sauti: "Amechoka. Anabeba kila kitu peke yake. Hasemi, ila jioni namwona anajisugua magoti."

Wote wakamgeukia beki. Beki akayaangalia magoti yake.

Nahodha akaendelea: "Vyombo vya jioni nioshe mimi."

Vyombo, mwenzangu. Vyombo.

Wakageuka, wakaniona nimesimama na miwani mkononi. Beki, kwa adabu zake zote: "Shikamoo, mama. Pole na magoti."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Wakafungwa la tatu. Sasa hivi yuko kwenye sinki, filimbi shingoni, anasugua sufuria bila kunitazama. Mimi nimekaa, miguu juu ya stuli, nimelifungua lile daftari. Aliandika mwezi wa tatu. Huu ni wa kumi, na kuosha ndio kaanza leo.

Ila kuhusu magoti, nilidhani haoni hata akivaa miwani.