Ufagio Usiochakaa

Shahida,

Nnakwenda Tunguu, ntarudi jioni. Mchuzi umo jikoni, upashe. Nguo za uwani uzianue kabla ya mvua.

Miezi miwili sasa unakwenda kujitolea kumfagilia jirani yetu Bi Dolatkhanu. Mbona ufagio unarudi mpya vile vile, nawe unanukia iliki? Leo asubuhi nimekwenda kumuuliza. "Hafagii," kanambia. "Nafagia mimi kabla hajaja. Mgeni hakaribishwi pachafu."

Kumbe mnakunywa chai, unamweleza mambo yako yote! Mambo gani hayo, ambayo mimi huniambii? Nani anamsaidia mwenziwe hapo?

~~Usiende tena.~~ Nenda, bibi wa watu anakungoja. Lakini jioni uje ukumbini tukae. Iliki nshanunua.

Nshafagia.

Mama yako